Mshahara wa Vita

Ndani ya Kibera kuna kijiji kiitwacho Laini Saba, na karibu nacho kuna kingine kiitwacho Mashimoni. Mgeni akiuliza majina hayo yametoka wapi, wazee wa Kinubi humweleza kuwa zamani pale palikuwa uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha: kwenye laini ndipo walipojipanga askari wenye bunduki, na mashimoni ndiko ziliposimamishwa shabaha. Upande wa pili wa jiji kuna Kariokor, jina ambalo vinywa vya watu vililifinyanga kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza. Si mbali na hapo, jirani na Shauri Moyo, kuna soko la Burma, lenye jina la nchi ambako maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani. Mtu anaweza kushinda kwenye matatu kutwa nzima, anashuka hapa na kupanda pale, asijue kwamba amekuwa akitembea juu ya ramani ya vita viwili vya Wazungu.

Kuzaliwa kwa siasa za uhuru nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kama habari ya fikra: kijana alikwenda ng'ambo, akamwona Mzungu akiogopa na kufa kama binadamu mwingine, akarudi macho yamefumbuka. Yapo ya kweli humo. Lakini mtu akiitazama historia hiyo kutoka magharibi mwa Nairobi, kutoka Kibera na kwa jirani yake Kawangware, inafanana zaidi na kesi ya madai. Watu walifanya kazi ya vita, wengine wakiahidiwa malipo na wengine wakiyatarajia tu, kisha malipo hayakuja. Vyama vya siasa vilivyochipuka baada ya 1918, na vingine tena baada ya 1945, vilianza kama vyama vya wadai.

Majirani hawa wawili waliingia katika kesi hiyo kwa milango tofauti. Kibera ilianza kama ardhi ya askari. Kawangware, ambako leo ipo wadi ya Kabiro, ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ardhi ya mbari za Wakikuyu iliyokuwa pembezoni mwa mji na chini ya wilaya ya Kiambu.

Askari wa Kibera walifika kwa njia ndefu. Mwaka 1891 Frederick Lugard, akiwa kazini kwa kampuni ya Waingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert mabaki ya jeshi la gavana wa zamani Emin Pasha, watu wa kusini mwa Sudan waliokuwa wamekatiwa njia ya kurudi kaskazini. Akawaandika jeshini. King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita Keya, watu hao na watoto wao, ndio Wanubi, walikuwa uti wa mgongo wake. Tangu mwanzo wa karne, yapata 1904, waliostaafu walianza kukaa na jamaa zao kwenye msitu wa kusini-magharibi mwa kituo cha reli cha Nairobi. Wao waliuita Kibra, neno lenye maana ya msitu katika lugha yao ya Kinubi. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, lenye ukubwa wa karibu ekari 4,197.

Kukaa pale kulihitaji karatasi. Askari aliyetumikia miaka 12 alipewa kibali kilichojulikana kama pasi ya shamba, na kwa kibali hicho alijenga, akalima na kufuga. Karatasi ilimpa ruhusa, haikumpa ardhi. Aliyeitoa alikuwa ofisa wa jeshi, na mtoaji huyohuyo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuifuta. Kwa mtu aliyemaliza ujana wake vitani tofauti hiyo haikuonekana kubwa, maana serikali ilikuwa yake na yeye alikuwa mtu wa serikali. Wajukuu wake ndio walioujua uzito wake.

Dagoretti nayo ilikutana na Lugard mapema. Mwaka 1890 alijenga boma huko baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, na miaka miwili baadaye Waiyaki akafa Kibwezi akiwa mateka wa kampuni ileile. Aliyepanda cheo baada yake alikuwa Kinyanjui wa Gathirimu, mtu aliyewasaidia wageni na kuishia kuwa chifu mkuu. Reli ilipopita na walowezi walipoanza kupimiwa mashamba, mbari za Kiambu zilijikuta zimezungukwa. Shamba la babu likawa la mwenye kahawa, na mwenyewe akawa mkaazi kwa hisani.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Agosti 1914.

Vita ya Ulaya iliposhuka hadi Taveta, Keya lilikuwa na vikosi vitatu tu. Vita ilipokwisha vilikuwa 22. Wana wa Kibera walikuwamo, wakimkimbiza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika mapori ya Tanganyika na Msumbiji. Lakini jeshi lile lilitembea juu ya vichwa vya watu. Magari yalikwama kwenye tope, na ng'ombe na farasi wakafa kwa ndorobo, kwa hiyo risasi, unga na machela vikabebwa na wapagazi. Mwaka 1917 ofisa wa serikali John Ainsworth alisimamia uandikishaji wa nguvu, na machifu wakatakiwa kutoa idadi ya vijana waliyopangiwa. Vijana wa Kiambu na Dagoretti walichukuliwa kutoka mashambani mwao, wengine usiku, wakapelekwa kwenye kambi ambayo jina lake ndilo hilo la Kariokor.

Waliokufa kwa maradhi ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Posho ilikuwa unga mbovu wa mahindi, kwa watu ambao baadhi yao hawakuzoea kuula, na kuni za kuupika vizuri hazikupatikana. Kuhara damu, malaria na kichomi vikafanya kazi ambayo Mjerumani hakuifanya. Hesabu rasmi inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengine hukadiria idadi inayokaribia 100,000. Wengi walizikwa bila jina, na mshahara wao ukakosa wa kuupokea. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alikuwa miongoni mwa walioomba fedha hizo zisizochukuliwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ilikataa.

Hapo deni likapata sura. Mnamo 1919, katika ukumbi wa Theatre Royal jijini Nairobi, wanajeshi wa Kizungu walikusanyika kwa bahati nasibu ya mashamba. Majina yakachezeshwa, na ardhi ya zaidi ya ekari milioni 2 ikatengwa kwa ajili yao, ikiwemo iliyomegwa kutoka kwa Wanandi. Mpagazi aliyerudi hai alipewa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ila ni baada ya vita ndipo ilipoanza kutekelezwa kwa ukali: kila mwanamume wa Kiafrika aliyezidi umri wa miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi yake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kodi ya kibanda ikapanda hadi shilingi 16. Mwaka 1920 nchi ikageuzwa koloni, na mwaka uliofuata walowezi, baada ya bei za mazao yao kuanguka, wakakubaliana kukata mshahara wa vibarua kwa thuluthi moja.

Wazee walijaribu kusema kwa adabu. Chama cha Kikuyu Association, kilichokuwa na machifu kama Kinyanjui na Koinange wa Mbiyu, kilikutana na maofisa wa serikali na wamisionari Dagoretti tarehe 24 Juni 1921. Machifu walieleza habari za ardhi na za mishahara. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo kijana mpokea simu wa Hazina, jina lake Harry Thuku. Aliondoka hakuridhika. Chifu, kwa hesabu yake, hawezi kumdai bwana anayemlipa mshahara.

Wiki chache kabla, Thuku na wenzake walikuwa wameanzisha Young Kikuyu Association, na msaidizi wake mmoja wa karibu alikuwa Mwislamu, Abdulla Tairara. Mwezi Julai waliibadilisha jina ikawa East African Association, ili Mkamba, Mganda na Mswahili wa Pangani wasijione wageni. Tarehe 10 Julai walifanya mkutano mkubwa Nairobi, kisha wakapeleka simu ya maandishi moja kwa moja London, wakiwaruka machifu na gavana. Mwanasiasa wa Kihindi Manilal Desai aliwapa msaada wa ofisi na mtambo wa kuchapisha. Ndipo ikaonekana siasa ya aina mpya: ya mjini, ya watu wa kabila zaidi ya moja, yenye karani na mtambo wa kuchapa badala ya kiti cha chifu.

Serikali ilimkamata Thuku tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu, wengi wao wafanyakazi waliogoma, walikuwa wamezingira kituo cha polisi cha kati. Wazee walipotoka kuzungumza na serikali na kurudi wakisema watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele, akapandisha nguo yake juu na kuwataka wanaume wampe yeye suruali zao ikiwa wanaogopa. Umati ukasonga, askari polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza la Hoteli ya Norfolk wanatajwa kuwa walifyatua pia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, watu wakahesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Kodi ya kibanda ikapunguzwa hadi shilingi 12.

Kibera ilikuwa wapi siku zile? Kwa jumla ilikuwa kimya, na kimya hicho kina maelezo yake. Mnubi hakujiona mtawaliwa kama wengine. Alikuwa Mwislamu mwenye nishani kifuani na pasi mfukoni, na dai lake alilipeleka kwa ofisa aliyewahi kumpigia saluti. Siasa yake ilikuwa ya utumishi: nimekutumikia, nawe unitunze. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na mzee wa Keya ghafla akawa na bwana asiyemjua. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter mwaka 1932 na 1933 iliwasikiliza Wanubi na kukiri kuwa serikali ina wajibu kwao, lakini haikuwapa umiliki. Tangu hapo manispaa iliitazama Kibera kama kijiji kinachosubiri kuhamishwa: pasipo maji ya mfereji wala barabara ya maana, ila gongo iliyojulikana mji mzima kama Nubian gin.

Kwa hiyo kufikia 1939 kulikuwa na wadai wa aina mbili magharibi mwa Nairobi. Mmoja aliomba kwa kumbukumbu ya utii wake. Mwingine alishafukuzwa kwenye baraza la utii na kujifunza kuandika magazeti, kuchanga fedha na kutuma wajumbe ng'ambo. Dagoretti ilikuwa pia imegombana na misheni katika mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929, na shule za kujitegemea za Karing'a zikaota mizizi huko.

Vita ya pili ilirudia somo kwa sauti kubwa zaidi. Zaidi ya Wakenya 90,000 walivaa sare, safari hii wengi wakiwa wapiganaji, madereva, mafundi na makarani. Walikwenda Ethiopia mwaka 1941, kisha Madagaska, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944. Waruhiu Itote, ambaye baadaye angejulikana msituni kama Jenerali China, alisimulia katika kitabu chake cha 1967 jinsi askari wa Kiingereza alivyomuuliza kule Burma anapigania nini, naye akakosa jibu. Bildad Kaggia alifika Mashariki ya Kati na Uingereza akiwa karani wa jeshi, akarudi hataki tena kuinamia kanisa wala serikali.

Lakini tusiwatwishe hao wawili mzigo wa wote. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika juu ya maaskari wa Keya na pia juu ya Kibera, ameonyesha kuwa wengi wa waliorudi walitaka mambo ya kawaida tu: kazi, leseni ya duka, mahari, shamba. Wengine walipelekwa Jeanes School kule Kabete kujifunza ufundi. Walipokosa kazi waligundua kwamba, kama mwaka 1919, ulikuwapo mpango mpya wa kuwapa wanajeshi wa Kizungu mashamba, na kwamba kipande bado kiliwasubiri. Hasira ya mwaka 1946 haikuhitaji kuletwa na meli kutoka Rangoon. Ilikuwa nyumbani ikingoja.

Na safari hii mdai mkuu alitoka mlangoni mwa Kawangware. Eliud Mathu, mzaliwa wa Riruta, mwalimu aliyesoma Fort Hare na Oxford, aliteuliwa Oktoba 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi huohuo kikaundwa chama cha kumuunga mkono, ndicho Kenya African Union. Mwenyekiti wake wa kwanza, kwa muda mfupi, alikuwa Harry Thuku yuleyule, safari hii mtu mzima mpole aliyeamini mambo ya polepole. Katibu wake, Francis Khamisi wa Mombasa, alikuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Baraza. Jomo Kenyatta alirejea kutoka Uingereza mwaka 1946, na Juni 1947 akachukua uenyekiti.

Waliokuwa na haraka walikutana kwingine. Kundi la Arobaini, au Anake a Forty, lilikuwa la vijana wa rika la 1940, wakiwemo waliorudi vitani, wasio na kazi na wenye kuijua bunduki. Vyama vya wafanyakazi vya Fred Kubai na Makhan Singh vilijaza ukumbi wa Kaloleni, ambako tarehe 23 Aprili 1950 Singh alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani. Walipokamatwa mwezi uliofuata, Nairobi iligoma kwa siku zipatazo tisa. Wakati huo Kibera nayo ilikuwa ikibadilika kimyakimya. Mji ulikuwa umejaa na vyumba vya manispaa havitoshi, kwa hiyo mwenye pasi ya shamba akaongeza chumba uani na kukipangisha kwa Mkikuyu, Mkamba au Mjaluo. Bila mtu kupanga, nyumba za askari watiifu zikawa makao ya wafanyakazi wagomaji.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, dhidi ya maasi ya wapiganaji wa msituni. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari wapatao 25,000 waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, wakimsaka kila Mkikuyu, Mwembu na Mmeru. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini, na kambi moja ya kuwachuja ilikuwa Lang'ata, jirani kabisa na Kibera. Huko Kiambu, Dagoretti ikiwemo, familia zilihamishwa kwa lazima katika vijiji vilivyolindwa, nyumba moja ikigusana na nyingine.

Kilichofuata hakikutarajiwa na upande wowote. Serikali, ikitafuta dawa ya maasi, ilikubali mpango wa Roger Swynnerton wa 1954: mashamba yaliyotawanyika yaunganishwe, yapimwe, yaandikishwe, na kila mwenye shamba apewe hati. Kiambu ilipimwa wakati wengi wa wanaume wake wako kizuizini, na waliobaki upande wa serikali walijipimia kwa mkono mrefu. Machungu ya hesabu hiyo yapo hadi leo katika familia nyingi. Hata hivyo hati zilitoka. Nchi iliyokuwa imeasi ikapata karatasi ambayo nchi iliyotii haikuwahi kuiona.

Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, Dagoretti iliingia mjini na hati zake. Mwenye ploti Kawangware akajenga vyumba vya mabati na mbao na kuvipangisha, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba yuko pale kwa hisani. Kibera iliingia uhuru ikiwa ardhi ya serikali. Mtaa wa mabati wa Kawangware na ule wa Kibera hufanana machoni mwa mpita njia, lakini mmoja una mwenyewe kisheria, na mwingine kwa miongo mingi ulikuwa na chifu, kibali cha mdomo na hofu ya tingatinga.

Wanubi waliendelea kudai kwa njia yao ya zamani ya barua na ujumbe, na baadaye kwa mahakama. Dai lenyewe likawa pana zaidi ya ardhi, kwa kuwa kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho aliulizwa babu yake alitoka wapi. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia. Sensa ya 2009 ilikuwa imeshawahesabu kwa jina lao.

Kwenye Barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji, zimesimama tangu 1928 sanamu tatu za shaba: askari wa Keya, mpiganaji wa Kiarabu na mpagazi wa Kariokor, na chini yao maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayowaahidi wafu kukumbukwa. Mnamo Juni 2017, karibu miaka 100 baada ya hifadhi ya jeshi kutangazwa, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya pamoja ya ardhi yao. Ilikuwa ya ekari 288, kati ya zile 4,197.